Bweha Ana Nyika, Sange Ana Msitu Mmoja

Leo nataka tuwatazame wanyama wawili wa porini. Mmoja anaishi katika nyika kavu iliyo magharibi ya Malindi, na dunia haina hofu kubwa naye. Mwingine anaishi hapa hapa Jilore, ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na wataalamu wamemwandika miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka. Wote wawili wanaishi kwa kula wadudu, na hakuna kati yao anayemdhuru binadamu. Kilichowatenga ni ukubwa wa makao yao. Ndiyo hoja yangu leo: usalama wa mnyama hupimwa kwanza kwa ardhi aliyobakiwa nayo, na sisi wa Jilore na vijiji jirani ndio tuliokabidhiwa ardhi ya huyu wa pili.

Tuanze na wa nyikani. Ukiifuata barabara ya kutoka Malindi kwenda lango la Sala, ukapita Jilore, Kakoneni na Langobaya, unaona miti ikipungua kimo na nchi ikizidi kukauka, mpaka unaingia hifadhi ya Tsavo Mashariki. Huko tayari uko katika nchi ya bweha masikio. Tunapozungumza juu ya bweha katika Afrika Mashariki, wengi wetu humfikiria bweha wa mgongo mweusi, yule anayefuata mizoga na kunyemelea kuku. Bweha masikio ni mwingine kabisa. Ni mdogo, uzito wake ni kilo tatu hadi tano, uso wake mweusi kama aliyejifunika kitambaa, miguu myeusi, na masikio yanayoweza kufika sentimita 13. Kinywani ana meno 46 hadi 50, wakati mbwa wa nyumbani ana 42. Hayo meno mengi ni madogo, nayo si ya kurarua nyama. Ni ya kutafuna wadudu, harakaharaka, mamia kwa mamia.

Mtazame anapokula. Jioni inapoingia, anatembea polepole kwenye nyasi fupi huku kichwa kimeinama karibu na ardhi, masikio yameelekezwa chini. Hatafuti kwa macho wala hategemei pua sana. Anasikiliza. Mchwa wanaovuna nyasi hutoka ardhini kwa makundi, wakikata vijani na kuviburuta hadi shimoni, na ile michakacho midogo ndiyo anayoisikia. Akisimama ghafla, ujue ameshawapata. Anainamisha mdomo na kuanza kulamba, na taya lake linakwenda kwa kasi isiyoonekana kwa mnyama mwingine wa jamii ya mbwa. Katika sehemu nyingi za nchi zake, mchwa hawa wavunaji ndio sehemu kubwa ya chakula chake mwaka mzima. Mvua zikija huongeza mende na panzi.

Jambo lingine la kumsifu ni malezi. Jike huwanyonyesha watoto, na kwa kuwa maziwa yanatokana na wadudu wadogo, hulazimika kutumia saa nyingi za usiku akitafuta chakula. Dume hubaki pangoni akiwalinda watoto, akiwasafisha manyoya na kucheza nao. Utafiti uliofanywa Serengeti umeonyesha kwamba kadiri baba anavyokaa zaidi na watoto, ndivyo watoto wengi zaidi wanavyokua.

Sasa, bweha huyu anapatikana wapi? Makao yake yamegawanyika katika mapande mawili makubwa. La kwanza ni letu: kutoka Sudan Kusini, Ethiopia na Somalia, kupitia Karamoja ya Uganda na nyika za Kenya, hadi Tanzania. La pili liko kusini: Angola, Namibia, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini. Kati ya mapande hayo kuna pengo la kama kilomita 1,000, sehemu kubwa likiwa misitu ya miombo ya Zambia na jirani zake, ambako bweha masikio haonekani. Sababu ni chakula. Ukiichora ramani ya bweha masikio na ramani ya wale mchwa wavunaji, unakuta zinakaribia kulingana. Mchwa wanapenda nyasi fupi na nchi kavu, na bweha anakwenda walipo mchwa.

Hali yake je? Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, una Orodha Nyekundu iliyoanzishwa mwaka 1964, inayopanga viumbe kwa madaraja: kuanzia wale wasiotia wasiwasi mkubwa hadi waliokwisha kutoweka. Bweha masikio yumo katika daraja la chini kabisa la hatari. Ana nchi pana, ana mbuga zinazolindwa na serikali nyingi, na hata pale ng'ombe wanapokula nyasi zikawa fupi, mchwa wake wanastawi.

Lakini usidhani hana adui. Barbara Maas, mtafiti aliyewafuatilia bweha hawa Serengeti katika miaka ya 1980, alikuta kwamba magonjwa yaliwaua wengi kuliko wanyama wawindaji. Kichaa cha mbwa ndicho kilichoongoza. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine unaotokana na mbwa, unaoitwa distempa, uliingia Serengeti na kuua karibu theluthi moja ya simba, na bweha masikio nao hawakusalimika. Idadi ya bweha ilishuka, kisha ikapanda tena. Ilipandaje? Pengine ni kwa sababu pigo lilipoangukia sehemu moja, sehemu nyingine zilibaki na bweha wazima, nao wakasogea kujaza nafasi. Ni kama familia yenye mashamba katika vijiji vitatu. Mvua ikikosa kijiji kimoja, watoto bado watakula. Familia yenye shamba moja tu, mvua ikikosa mara moja, njaa imeingia.

Na hapo, msikilizaji, ndipo tunapofika kwa mnyama wetu wa pili, mwenye shamba moja.

Anaitwa sange. Wako wa aina kadhaa Afrika, lakini huyu ninayemzungumzia ana kiraka cha rangi ya dhahabu kiunoni, na wanasayansi walimpa jina lao mwaka 1881. Uzito wake ni kama nusu kilo. Mwili ni wa rangi ya kahawia iliyokolea, miguu mirefu myembamba, mkia kama wa panya, na pua ndefu laini inayopindika kama mkonga mdogo. Ukipita asubuhi kwenye kijia cha msituni, upande wa miti mchanganyiko, ukasimama kimya, utaanza kusikia majani makavu yakichakurwa. Ndiye. Anaingiza pua chini ya majani, anayapindua, anachukua mende, buibui, jongoo au nyungunyungu, anasonga hatua mbili na kuanza tena. Mara nyingi nyuma yake utamwona ndege kurumbiza, mwekundu wa kifua, akirukaruka kuokota wadudu waliomponyoka. Ukikanyaga kijiti, sange anapiga mkia chini mara kadhaa kwenye majani makavu, kisha anatimka, na kitu cha mwisho unachokiona ni kile kiuno cha dhahabu kikipotea vichakani.

Watafiti wanaona kwamba kiraka hicho kina kazi: adui akirukia, macho yake huvutwa na rangi ya nyuma, kichwa na mgongo vikapona. Ngozi iliyo chini ya kiraka ni nene, kufikia mara tatu ya ile ya katikati ya mgongo, na inamkinga pia anapoumwa na sange wenzake wakigombania eneo. Dume na jike huoana na kushirikiana eneo moja la hekta chache, kila mmoja akimfukuza mgeni wa jinsia yake. Usiku hulala juu ya ardhi ndani ya kitanda cha majani makavu alichokijenga mwenyewe alfajiri, wakati majani yana unyevu wa umande na hayapigi kelele. Ana vitanda kadhaa na hubadilisha mara kwa mara, adui asimzoee.

Na kuna jambo la kustaajabisha zaidi. Ukimtazama unaweza kusema ni panya mwenye pua ndefu. Siye. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba sange ni wa ukoo mmoja wa kale wa Kiafrika pamoja na tembo, pimbi, mhanga na nguva. Yaani katika msitu huu wa Jilore, tembo anayeacha nyayo kubwa mchangani na sange anayechakura majani kando ya nyayo hizo ni ndugu wa mbali. Na nguva wa bahari ya Lamu na Kiunga ni ndugu yao pia.

Sasa tuulize lile swali tulilomuuliza bweha. Sange huyu anapatikana wapi? Hapa jibu ni fupi. Makao yake makuu ulimwenguni ni msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kama kilomita za mraba 420. Wako wachache katika kimsitu kinachozunguka magofu ya Gede, ambacho hakifiki hata nusu kilomita ya mraba. Wako wachache pia Dakatcha, ng'ambo ya mto Sabaki. Kaskazini ya Lamu, katika misitu ya Boni na Dodori, kamera zilizotegwa na watafiti ziliwanasa sange wakubwa walio ndugu zake wa karibu sana, wenye rangi tofauti, nao mwaka 2021 walitangazwa kuwa jamii-ndogo ya peke yao. Ukishataja hayo, umemaliza. Hayupo Tanzania, hayupo Uganda, hayupo popote penginepo duniani.

Kanuni za IUCN zinasema kwamba mnyama ambaye eneo analolikalia halifiki kilomita za mraba 500, tena limekatikakatika na linaendelea kuharibika, anaingia katika daraja la walio hatarini. Sasa umeelewa kwa nini sange wetu yumo katika daraja hilo. Na idadi yake inasimulia hayo hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtafiti Clare FitzGibbon alikadiria sange wapatao 20,000 katika Arabuko-Sokoke. Hesabu iliyofanywa kuelekea mwishoni mwa miaka ya 2000 ilileta kiasi cha 13,000. Miaka isiyofika ishirini, na theluthi nzima imekwisha kwenda.

Wamekwenda wapi? Jibu la kwanza liko chini ya miguu. Sange anaishi kwa majani makavu. Majani ndiyo chakula chake, kwa sababu wadudu wamo humo, na ndiyo kitanda chake. Mti mkubwa ukikatwa, jua linapiga ardhi, unyevu unakauka, wadudu wanapungua. Muhuhu, ule mti mgumu wenye harufu nzuri, umekatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya vinyago na nguzo. Fito na mapau ya nyumba yametoka humo humo. Siku hizi makaa yameongezeka. Kila tanuri la makaa ndani ya msitu linaacha uwazi, na kila uwazi ni chakula kilichoondolewa mezani kwa sange.

La pili ni mitego ya kamba. FitzGibbon na wenzake walichunguza uwindaji katika msitu huu na kuchapisha matokeo yao mwaka 1995, wakaonyesha kwamba sange alikuwa miongoni mwa wanyama walionaswa kwa wingi. Nataka hapa tuwe waadilifu. Mtu anayetega karibu na nyumba yake hafanyi hivyo kwa kumchukia sange. Anatafuta kitoweo. Na sange anaweza kuvumilia kiasi fulani cha mitego, kwa kuwa huzaa mtoto mmoja mara kadhaa kwa mwaka. Asichoweza kuvumilia ni mitego pamoja na makaa pamoja na ukataji, vyote kwa wakati mmoja, ndani ya msitu usioweza kupanuka.

La tatu ni mbwa. Na hapa bweha na sange wanakutana. Mbwa wetu asiyechanjwa, anayezurura ovyo, anaweza kumpelekea bweha wa nyikani kichaa na distempa. Mbwa huyo huyo akiingia msituni Jilore, anamfukuza sange na kumwua. Na mbwa huyo huyo anaweza kumuuma mtoto wako njiani akienda shule. Kichaa chake tunaweza kukidhibiti kwa sindano moja kwa mwaka. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa kila mwaka, kichaa hukosa njia ya kuenea, na Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030.

Msikilizaji, sitaki ufikiri kwamba hakuna lililofanyika. Msitu huu umekuwa chini ya ulinzi wa serikali tangu mwaka 1932. Mwaka 1991 Idara ya Misitu na Shirika la Wanyamapori, KWS, walikubaliana kuusimamia pamoja, na baadaye wakaungana nao Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, na Makumbusho ya Taifa. Sheria ya misitu ya mwaka 2005, na ile iliyoifuata ya mwaka 2016, zimewapa wananchi wanaoishi kando ya msitu haki ya kuunda vyama vyao na kushiriki katika usimamizi. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo pale Gede, ambapo wakulima hufuga viwavi wa vipepeo wa msitu huu na kuuza mabundo yao (pupa) Ulaya na Marekani. Mwaka 2001 shirika la A Rocha Kenya lilianzisha mpango wa ASSETS, unaotoa misaada ya karo za sekondari kwa watoto wa familia zinazopakana na msitu na hori la Mida. Na mwaka 2014, ulipokuja mpango wa kutafuta mafuta ambao ungegusa msitu, wananchi na wahifadhi walipaza sauti zao kuupinga. Sauti ya watu wa hapa ina nguvu.

Tena kulinda msitu si jambo tulilofundishwa na wageni. Wamijikenda walizilinda kaya zao, yaani misitu yao mitakatifu, kwa karne nyingi, kwa miiko na kwa heshima ya wazee, mpaka mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2024 mji wa kale wa Gede nao ukaingizwa katika orodha hiyo. Nampongeza kila aliyeshiriki. Lakini tukumbuke kwamba kuta za Gede zimesimama pamoja na miti yake, na katika miti hiyo ndimo mtafiti Galen Rathbun alimochunguza maisha ya sange katika miaka ya 1970 na kuwajulisha walimwengu tabia zake. Mgeni anayekuja kuona magofu anaweza, akitulia, kuondoka amemwona pia mnyama asiyepatikana katika bara lingine lolote. Huo ni utajiri ambao hatujautumia hata robo.

Nina maombi manne ya kumalizia, na kila moja lina mwenyewe.

Kwa wewe mwenye mbwa, nakuomba siku ya chanjo ikitangazwa mpeleke, na umfunge asizurure. Utakuwa umemlinda mwanao, bweha wa Tsavo na sange wa Jilore kwa matendo hayo mawili.

Kwa wewe unayejenga au unayenunua makaa, uliza yametoka wapi. Mvinje unaota vizuri katika mchanga wetu na unakomaa kwa miaka michache. Nguzo za mvinje wa shamba zinajenga nyumba nzuri. Anayenunua fito na makaa ya msituni ndiye anayemlipa anayekata, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kushika shoka.

Kwa wazee na vijana wa vyama vya misitu, nawaomba mikutano isiwe ya kugawana vibali vya kuni tu. Hesabu za wanyama zifanywe na vijana wetu, wafundishwe, walipwe, na matokeo yasomwe mbele ya kijiji. Mtu hulinda vizuri zaidi kitu ambacho anaijua idadi yake.

Na kwa viongozi wa kaunti ya Kilifi na wa serikali kuu, naomba Dakatcha isisahauliwe. Kule hakuna ulinzi kama wa Arabuko-Sokoke, ilhali ndiko mahali pa pekee hapa karibu ambapo sange anaweza kuwa na shamba la pili. Ikilindwa sasa, itakuwa akiba. Ikigeuka yote kuwa makaa na mashamba ya mananasi, hakutakuwa na njia ya kuirudisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na msitu ukishaanguka haujengeki kwa umri wa mtu mmoja.

Bweha masikio akikosa makao Tsavo, bado atapatikana Karamoja, Serengeti na Namibia. Sange wa kiuno cha dhahabu akikosa makao katika Arabuko-Sokoke, atakuwa karibu amemalizika duniani. Jukumu la kumlinda halijaangukia Nairobi wala Geneva. Limeangukia Jilore, Gede, Sokoke na vijiji vyote vinavyopakana na msitu huu, na mimi nina imani tunaliweza.